Leso Usoni mwa Baba Mkwe

Kwa miaka sita ya kwanza ya ndoa yangu, baba mkwe na mimi hatukuwahi kushikana mikono. Akija kwa njia ya shambani nami natoka kisimani, mmoja wetu aliingia kando kwenye mihogo hadi mwenzake apite. Akitaka kufika uani kwangu alikohoa kwanza akiwa mbali, ili nipate nafasi ya kujifunga leso vizuri na kuinuka pale nilipoketi. Chakula chake nilikiweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma, ndipo akakisogelea. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo wake wote wa boma lile la Mundika walivyoishi na baba za waume zao, na mama mkwe wangu aliniambia kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni hadi siku alipolazwa kwenye jeneza.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mrefu mwenye mabega mapana. Ujanani, miaka ile ya magendo, alivuka mpaka mara nyingi na magunia ya kahawa ya Uganda mgongoni, na watu walimwogopa kidogo kwa sababu hiyo. Mimi nilimheshimu. Nilimpenda pia, ingawa hilo si neno ambalo mkamwana angelitumia. Nilipoolewa, wazee wa ukoo walimwambia mwanawe aniachishe kazi, kwa kuwa muuguzi hugusa wanaume wasio wake. Baba mkwe ndiye aliyekataa. Alisema akiwa amenipa mgongo, maana mimi nilikuwa mlangoni: "Amesoma. Wacha aende akasaidie watu." Maneno yakaisha hapo.

Kazi yangu ilikuwa katika hospitali ndogo pembeni mwa mji wa Busia. Mume wangu alikuwa karani wa wakala wa forodha huko Malaba, akishughulikia makaratasi ya malori, na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Glavu tuliziosha, tukazianika kwenye kamba kama soksi, tukazipaka poda na kuzipika tena. Katheta, ambayo wagonjwa waliiita mpira, ndugu wa mgonjwa walienda kuinunua wenyewe mjini, na isipopatikana wakavuka kuitafuta upande wa Uganda. Mfuko wa kupokelea mkojo ukikosekana, tulifunga chupa tupu ya dripu kwenye mguu wa kitanda.

Wagonjwa wa mkojo niliwajua kwa kunyamaza kwao. Mtu wa malaria atakueleza kila kitu, hadi ndoto alizoota. Mtu ambaye mkojo umemfungia atakuambia kichwa kinamuuma. Wazee wengi walikuwa na tezi dume iliyovimba na kubana njia ya mkojo. Madereva wa trela walikuwa na makovu ya magonjwa ya zamani. Wote walikuja wakiwa wamechelewa, wakitembea wameinama, mkono mmoja chini ya tumbo. Katika wodi ya wanaume kazi ya kuwawekea mpira ilikuwa ya muuguzi mmoja, mwanamume pekee kati yetu. Mimi nilikuwa nimeifanya mara mbili tu nikiwa mwanafunzi, mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu. Kwa wanawake niliifanya kila siku.

Jumapili moja, yapata saa tano asubuhi, nilikuwa peke yangu kwenye wodi. Yule muuguzi mwanamume alikuwa ameenda mazishini Bumala. Daktari wetu, ambaye kwa kweli alikuwa klinikal ofisa lakini sote tulimwita daktari, alikuwa ametoka na gari la wagonjwa kumpeleka mama mjamzito hospitali kubwa. Mkunga alikuwa chumba cha uzazi na mama mwingine ambaye mtoto alikuwa anatanguliza makalio. Nikasikia baiskeli ikiwekwa ukutani nje, kisha sauti ya mama mkwe ikimwambia bodaboda ashike vizuri. Nikatoka.

Baba mkwe alikuwa ameketishwa kwenye karia ya baiskeli kama gunia, shuka imemfunika hadi kifuani. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Aliponiona alifumba macho na kugeuzia kichwa upande wa ukuta.

"Tangu lini?" nilimuuliza mama mkwe.

"Tangu Ijumaa."

"Siku mbili! Na hamkuja?"

Alisubiri bodaboda ajitenge kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Alijua uko hapa. Alisema heri anywe dawa ya mizizi kwanza. Amekunywa jagi nzima jana na nyingine leo."

Jagi mbili za maji ndani ya mtu ambaye hatoi hata tone. Tulimlaza kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, nikavuta pazia. Sikuhitaji kumfunua ili nijue. Kibofu kilikuwa kimepanda hadi kitovuni, kimevimba chini ya shuka kama mimba ya miezi mitano. Niliweka kiganja juu ya shuka, akaguna, nikakiondoa upesi kama aliyeungua. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa.

Mama mkwe aliniona nikisimama pale.

"Si wewe," alisema. "Yule mwanamume yuko wapi?"

"Bumala. Mazishini."

"Aitwe."

Nilimtuma bodaboda yuleyule. Aliondoka akikanyaga kwa nguvu, nami nikaanza kuhesabu: Bumala si karibu kwa baiskeli, kisha kumtafuta mtu katikati ya waombolezaji, kisha safari ya kurudi. Nilijua kabisa kwamba mpira ungemaliza shida yake kwa dakika kumi. Katheta ilikuwepo kabatini. Ilinunuliwa na familia ya mgonjwa aliyefariki kabla haijatumika, wakatuachia. Glavu zilikuwepo. Mikono yangu ilikuwepo. Nimeulizwa mara nyingi tangu siku hiyo, na mimi mwenyewe nimejiuliza kuliko wote, kwa nini nilikaa.

Nilikaa kwa sababu niliogopa. Kwetu mkamwana akiona uchi wa baba mkwe wake, hata kwa bahati mbaya, ni jambo linaloitiwa wazee. Watu husema watoto wataugua, husema chakula cha mwanamke huyo hakifai kuliwa tena katika boma. Nilikuwa nimesoma, nilijua mkojo ni nini na figo ni nini, na bado nilikuwa na watoto wawili nyumbani ambao niliwafikiria kila nilipolitazama lile kabati. Basi nilifanya vitu vidogo. Nilimloweshea kitambaa cha maji ya vuguvugu akakiweka mwenyewe tumboni. Nilifungua bomba karibu naye, kwa sababu sauti ya maji huwasaidia wengine. Nilimdunga sindano ya maumivu begani. Nilipita pita.

Alikuwa akiguna kwa muda mrefu, kisha anakaa kimya, kisha anaguna tena. Mara moja alijaribu kushuka kitandani apige magoti, akidhani akiinama kitatoka. Mama mkwe alimshika kiunoni. Matone matatu ya damu yakaanguka sakafuni.

"Baba," nilisema nikiwa nje ya pazia, "mwenzangu yuko njiani."

"Heri nife," alijibu. Hakunijibu mimi hasa, alimwambia mkewe.

Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Yapata saa nane bodaboda alirudi peke yake. Alisema amelifikia boma la mazishi, ameambiwa muuguzi ameondoka na gari lililobeba jamaa za marehemu, hakuna ajuaye wameelekea wapi. Nilikimbia chumba cha uzazi. Mkunga alikuwa na damu hadi viwiko. Aliniangalia mara moja tu.

"Siwezi kumwacha huyu mama," alisema. "Na wewe huwezi kumwacha yule mzee. Unangoja nini?"

Niliporudi alikuwa ametapika na alikuwa akitetemeka, meno yakigongana, ilhali jua la alasiri lilikuwa limejaa dirishani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, kisha akaifungua leso yake ya pili, ile ya juu, akaikunja mara mbili, akamfunika mumewe uso mzima kuanzia paji hadi kidevu.

"Yule mwanamume amekuja," alimwambia. "Tulia."

Kisha akanigeukia na kunyoosha kidole kwenye trei. Nikaelewa kwamba sipaswi kusema neno, asije akaitambua sauti yangu.

Nikanawa. Nikavaa glavu. Nikafunua shuka kwa kiasi cha kazi tu. Sitaeleza nilichohisi wakati huo, kwa sababu sikuhisi chochote. Mwalimu wetu alitufundisha kutaja hatua moja moja kichwani, na hizo hatua ndizo zilizonishika nisianguke. Safisha. Paka mafuta. Inua. Sukuma polepole. Mpira uliingia vizuri, kisha ukagota. Hapo ndipo tezi ilipokuwa. Mtu akilazimisha hapo hutoboa njia pasipo njia, na mgonjwa hutoka damu hadi kesho. Ilibidi avute pumzi ndefu na kulegeza mwili, na mimi sikuweza kumwambia. Nilimtazama mama mkwe, nikavuta pumzi mimi mwenyewe kwa kifua chote ili aone.

"Vuta pumzi," mama mkwe akasema. "Vuta kama unapanda mlima."

Leso ikaingia mdomoni alipovuta. Kisha kutoka chini ya kile kitambaa nikasikia sauti yake, nyembamba, ya mtu aliyechoka:

"Polepole, kijana."

Mikono yangu ilisimama. Halafu mpira ukapita.

Mkojo ulitoka mweusi mwanzoni, kisha mwekundu, kisha rangi ya chai. Nikajaza maji kwenye puto dogo la kuzuia mpira usichomoke, nikafunga chupa, nikabana na kuachia, nikabana na kuachia, kama tulivyofundishwa wakati ule, ili kibofu kisinywee kwa ghafla. Kutetemeka kulipungua. Chini ya leso alikuwa akilia, lakini si kwa maumivu. Nilipomaliza nikamfunika, nikavua glavu, nikatoka nje na kukaa nyuma ya jiko la hospitali palipokuwa na lundo la majivu. Nilikaa hapo hadi mkunga alipokuja kuniambia mtoto amezaliwa, yu hai.

Muuguzi mwanamume alirudi jioni. Nilimweleza yote penye mlango wa stoo. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaingia wodini, akainua chupa akautazama mkojo, akaangalia jinsi nilivyofunga plasta pajani. Baba mkwe alikuwa amefunuliwa uso kitambo. Alimtazama yule muuguzi kwa muda.

"Asante, kijana," alisema. "Ulifanya vizuri sana mchana."

Muuguzi hakusita hata kidogo. "Asante, mzee," alisema. "Ulivumilia."

Kuanzia hapo ndivyo ilivyosemwa. Mume wangu alipofika kutoka Malaba aliambiwa kwamba baba yake aliwekewa mpira na muuguzi mwanamume, naye akamshukuru kwa kumletea sukari na sabuni. Mimi nilikuwa karibu, nikikunja bandeji. Mama mkwe alikuwa karibu, akimenya ndizi. Hakuna aliyemtazama mwingine.

Daktari alisema tezi inahitaji kukatwa, na kwamba kazi hiyo hufanywa hospitali kubwa. Mume wangu alimpeleka. Mara ya kwanza waliambiwa hakuna damu ya akiba. Mara ya pili alilala huko siku kumi na mbili, akanyimwa chakula asubuhi tatu tofauti akiandaliwa kwa chumba cha upasuaji, na asubuhi zote tatu akarudishwa kitandani: mara maji yamekatika, mara daktari wa usingizi hayupo. Mara ya tatu hakukubali kwenda. Alisema amechoka kulala na wagonjwa wanaokufa huku wakimtazama. Basi akaishi na mpira.

Mzee wa namna ile kuishi na mpira si jambo dogo. Alivaa koti refu hata wakati wa joto ili kuificha chupa. Aliacha kwenda baraza la chifu, akaacha kwenda kanisani, kwa sababu ya harufu ambayo wakati mwingine ilikuwepo na wakati mwingi ilikuwa kichwani mwake tu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa muuguzi wake. Nilimfundisha nyuma ya nyumba yangu, kwa kutumia mpira wa zamani na chupa ya soda: kuosha mikono kwanza, kuosha pale mpira unapoingia mwilini mara mbili kwa siku, kutoinua chupa juu ya kiuno, kumnywesha maji mengi, kuangalia rangi. Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wengine niliowahi kuwafundisha. Kila baada ya wiki chache yule muuguzi mwanamume alipanda baiskeli hadi Mundika kubadilisha mpira, na mimi siku hizo nilitafuta sababu ya kuwa sokoni.

Mwaka uliofuata yule muuguzi alianza kukonda. Sote hospitalini tulijua ni nini, kwa kuwa wodi zetu zilikuwa zimejaa watu waliokonda hivyohivyo, kutoka Malaba, kutoka Busia, kutoka kila mahali malori yalipolala. Hatukusema. Aliendelea kuja kazini na koti kubwa zaidi kila mwezi. Siku moja aliniita wodi ya wanaume, akaniweka mbele ya mgonjwa wa tezi, akanikabidhi trei.

"Leo wewe," alisema. "Mimi nitakaa hapa tu."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Alinifundisha hivyo kwa miezi mitatu, wazee, vijana, madereva, hadi mkono wangu ukazoea. Kisha hakuja tena. Tulimzika kwao, na nafasi yake haikujazwa.

Mpira wa baba mkwe ulikuwa umekaa muda mrefu mno kuliko inavyofaa. Nililijua hilo kwa siku na tarehe. Nilimwambia mume wangu tumpeleke hospitali nyingine, akasema atakapopata ruhusa. Nilimwambia mama mkwe, akasema mzee amekataa. Kisha asubuhi moja mama mkwe alikuja kwangu akiwa peku, akasimama mlangoni.

"Hakuna kitu kwenye chupa tangu jana," alisema. "Na anasema maneno yasiyoeleweka."

Nilichukua mfuko wangu wa kazi. Sikuwa nimewahi kuingia chumba anacholala. Mkamwana haingii huko. Kulikuwa na kitanda cha mbao, godoro la sponji lililofunikwa nailoni, kalenda ya zamani ukutani, na harufu ambayo niliijua. Mama mkwe akafungua leso ya juu kama mara ya kwanza, akaikunja. Alipoileta karibu, baba mkwe alinyanyua mkono akauzuia.

"Ondoa hiyo," alisema. "Sipati hewa."

"Lakini..."

"Ondoa, mama. Huyo kijana tulimzika."

Akageuza macho kwenye mabati ya dari na kuyaacha huko. Nikafanya kazi. Mpira wa zamani ulikuwa umeshika mchanga wa mawe, ukagoma kutoka, na ulipotoka ulitoka na usaha. Alinishika mkono kwa ghafla, juu ya kiwiko, akaubana kwa nguvu zote zilizobaki. Niliacha aubane. Nilipoingiza mpya, mkojo uliokuja ulikuwa mzito kama uji.

"Nilijua tangu siku ile," alisema baadaye, nikiwa nafunga plasta. Alikuwa bado akitazama mabati. "Mwanamume hana mikono midogo hivyo."

"Nisamehe, baba."

"Kwa nini?"

"Nilikuacha kutoka saa tano hadi saa nane. Nilikuwa nikiweza."

Akasema, "Na mimi nilikaa siku mbili. Usimwambie mume wako. Hataelewa."

Nilimdunga sindano zote nilizokuwa nazo. Mchana ule tulimleta hospitali kwa pikapu ya jirani, na daktari alijaribu dawa iliyokuwepo kisha iliyonunuliwa. Lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Alivimba miguu, kisha uso. Ngozi ilimwasha, akajikuna hadi ikachubuka. Kwikwi ilimshika, haikumwacha usiku wala mchana. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya mkojo. Katika siku za mwisho mimi ndiye niliyemgeuza, niliyemwosha mgongo, niliyempaka mafuta kwenye vidonda, mbele ya watu wote waliokuja kumwona, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu na hapakuwa na mwingine. Sikuvuta pazia. Siku ya tano, muda mfupi baada ya chai ya saa nne, kwikwi ikakoma, nikainua macho kutoka kwenye chati na kumkuta amekufa.

Shangazi wa mume wangu alikuwa ameniona nikimwosha. Wiki moja baada ya mazishi, wazee wa ukoo waliitwa. Tuliketi uani, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Mume wangu alikuwa amekuja kutoka Malaba na alikuwa amekaa upande wao. Shangazi alisema alichokiona. Mzee mmoja akaniuliza kama ni kweli, na kama ilikuwa mara moja au zaidi.

Kabla sijafungua mdomo mama mkwe alisimama. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za ujane na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mara ya kwanza mimi ndiye niliyemfunika uso," alisema. "Mara ya pili mimi ndiye niliyemwita. Mnataka kumwuliza mtu, niulizeni mimi. Wakati mume wangu analia kwa sababu ya mkojo wake mwenyewe, nani kati yenu alikuja? Wewe ulikuja? Wewe?"

Alipitisha kidole kwa kila mmoja. Wazee walitazama chini, wengine walikohoa. Lakini hawakuliacha. Waliamua achinjwe kondoo ili jambo lioshwe, na kwamba nisipike katika jiko la mama mkwe hadi litakapokwisha. Kondoo alichinjwa Jumamosi iliyofuata. Nilisimama pale waliponiambia nisimame, nikapakwa walichotaka kunipaka, nikaenda nyumbani kuoga. Watoto wangu hawakuugua.

Mume wangu hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Usiku ule aliniuliza swali moja tu, akiwa anavua viatu.

"Kwa nini ulimwambia yule muuguzi, na mimi hukuniambia?"

Nilisema ni baba yake aliyeniagiza. Hakuniamini, au aliniamini na hilo likamwumiza zaidi. Alirudi Malaba Jumatatu. Mara mbili kwa mwezi ikawa mara moja, ikawa Krismasi na Pasaka. Baada ya miaka miwili nilisikia ana nyumba nyingine huko, karibu na maegesho ya malori, na mtoto. Sikwenda kuuliza. Ada ya shule ya watoto aliituma, hilo siwezi kumnyima. Na alipokuja, alikula chakula changu, lakini alikula akiwa ameinama, haraka, kama mtu anayekula kwenye hoteli ya stendi.

Mama mkwe alihamia upande wangu wa boma. Hakutaka kulala tena kwenye kile chumba. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani nikienda kazini, akibeba mfuko wangu hata nilipomkataza. Siku moja, tukisubiri gari, nilimwuliza kama anadhani mzee angepona iwapo nisingengoja siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo kwa zaidi ya mwaka. Niliweza kumweleza figo zinavyofanya kazi, na shinikizo la mkojo linavyorudi juu, na bado sikujua jibu. Hata leo, baada ya wagonjwa wengi, silijui. Huenda yale masaa matatu hayakuwa kitu mbele ya siku mbili. Huenda ndiyo yaliyozidisha.

"Sijui," alisema. "Mimi ndiye niliyesema si wewe."

Gari lilikuja, nikapanda. Alinipa mfuko kupitia dirishani, akaniambia ninunue chumvi nikirudi.